Bluu Tigoni, pinki Syokimau: kisa cha haidrenjia za mama mmoja

Hii kesi niliingizwa na pande zote mbili kwa sababu wote ni wateja wangu, mmoja namsaidia na magonjwa kwa kitalu chake huko Tigoni, upande wa Limuru, mwingine naendanga kumwangalilia maua yake Syokimau, nje kidogo ya Nairobi, mara moja moja. Majina naacha. Mmoja nitamwita Mzee na mwingine Mama, na ndivyo tunaitana tu.

Malalamiko ni hivi. Mama alinunua kwa Mzee haidrenjia za kwa vyungu, zote bluu, ile bluu imekolea, akazipanga kwa balkoni ya ghorofa ya nne. Zilifika zikiwa na maua, akapiga picha, akaweka kwa grupu ya esteti, watu wakauliza bei. Maua ya kwanza yakazeeka yakakauka, akayakata vile alielezwa, akangoja. Msimu uliofuata zikatoa pinki. Si bluu iliyopauka, ni pinki kabisa, na juu ya hiyo majani yalikuwa madogo, magumu, mengine ya njano, mmea wenyewe mfupi, yaani ukiweka picha ya Tigoni na ya Syokimau pamoja unaapa ni mimea miwili tofauti. Mama akasema ameuziwa feki. Jamaa mmoja kwa grupu akasema Mzee lazima alikuwa anamwagilia wino ndio auze, na kwa vile Nairobi kila mtu ashaona waridi za kuchovywa rangi, hiyo maneno ikashika haraka sana. Mama akataka pesa yake yote irudi kwa M-Pesa. Mzee akakataa, akasema miche yake yote inatoka kwa mmea mama mmoja, ameukata miaka na miaka, na hajawahi kuuzia mtu uongo.

Kwa hivyo swali langu lilikuwa rahisi kulisema: je, hii ni mimea tofauti, ama ni mmea mmoja uliokaa mahali tofauti?

Nikaanzia kwa Mzee. Kitalu chake kiko kwa udongo mwekundu wa majani chai, mashamba ya chai yanaanza hapo tu nyuma ya ua, na hiyo peke yake ishakuambia kitu kwa sababu chai haipendi udongo usio na asidi. Mmea mama uko kwa kivuli cha mti wa grevilia, mkubwa, unafika kifua cha mtu. Nikamwona akikata katingi: anachagua tawi halijatoa ua, anakata chini kidogo ya kifundo, anaondoa majani ya chini, yale mawili ya juu anayakata nusu ndio yasipoteze maji, anachomeka kwa mchanga uliochanganywa na udongo wa msitu, anafunika na nailoni. Hakuna mbegu hapo. Hakuna chavua, hakuna baba. Kila mche ni kipande cha mwili wa mama yake na jeni zake ni zile zile, hii ndio tunaita kloni. Ukipanda mbegu za haidrenjia, hapo sawa, kila mtoto atatoka na sura yake, kama kwa familia ya watu. Lakini katingi hapana.

Mzee akaniuliza, "Sasa kijana wangu, kama jeni ni moja, rangi inatoka wapi?" Nikamwambia mzee wangu, ngoja nifike Syokimau kwanza.

Na ndio, kabla ya kufika nilikuwa nashuku udongo, kwa sababu Syokimau ni ule udongo mweusi wa kunata, blek koton, ambao mara nyingi una chokaa na pH yake iko juu (pH ni kipimo cha asidi, namba ikiwa chini asidi ni nyingi, ikipanda asidi inapungua). Kumbe Mama alikuwa amejitayarisha. "Usiniambie ni udongo, chungu ni chake, udongo ni wake, hata sijabadilisha kijiko kimoja." Na ni kweli, nilichimba nikaona udongo mwekundu wa Tigoni wenyewe. Hapo lazima nikiri hoja yake ilikuwa kali, mmea ule ule, udongo ule ule, chungu kile kile, sasa umebadilishwa na nini?

Nikaanza kuangalia polepole. Kitu cha kwanza, majani machanga ya juu yalikuwa ya njano lakini mishipa yake imebaki kijani, unaona kama ramani ya barabara imechorwa na kalamu ya kijani kwa karatasi ya njano. Majani mazee ya chini yalikuwa afadhali. Hiyo picha ina maana: mmea umekosa madini ya chuma, na si lazima chuma hakimo kwa udongo, udongo wa Tigoni ni mwekundu kwa sababu ya chuma chenyewe. Chuma kimo lakini kimefungwa, hakiyeyuki, na kinachokifunga mara nyingi ni pH kupanda. Kitu cha pili, pembeni mwa vyungu juu ya udongo kulikuwa na utando mweupe, ukikwangua na ukucha unatoka kama unga.

Kitu cha tatu ndio kilimaliza kesi kwangu. Chungu kimoja, cha mwisho kabisa kwa kona, hakikuwa pinki. Kilikuwa zambarau, na ua moja upande wa nyuma lilikuwa linakaribia bluu, na majani yake hayakuwa na ile njano. Nikauliza huyu mbona tofauti, Mama akasema huyo alimpata tu hivyo, labda ndio wa ukweli na wengine ni feki. Nikaangalia juu. Bomba la maji ya paa limepasuka hapo, mvua ikinyesha maji yote yanaangukia hicho chungu.

Nikauliza, Mama, mnamwagilia na maji gani? Akacheka, "Si haya yetu tu, maji ya chumvi."

Mtu wa Nairobi anajua. Huko Syokimau, Mlolongo, Kitengela, esteti nyingi zinategemea visima virefu vya kuchimbwa na mashine, na maji ya visima vya huku yana baikaboneti nyingi, yaani magadi magadi, na floridi pia, ile inatia watoto meno rangi ya kahawia. Unakunywa unasikia kitu. Sasa fikiria chungu kidogo cha udongo, kila jioni kinapewa hayo maji. Maji yanatumika na mmea, mengine yanapaa na jua, magadi yanabaki na kupandisha pH. Kesho tena. Udongo wa shamba ni mwingi na mvua inauosha, huu wa chungu hauna pa kukimbilia. Nilikuwa na kale kakipimo kadogo ka pH, si ka maabara lakini kanatosha kwa kulinganisha: kwa Mzee kalisoma kama 5, kwa vyungu vya Mama kakapita 7, kwa kile cha kona kakakaa katikati. Kwa hivyo udongo ulikuwa wa Tigoni kwa sura tu, kikemikali ulikuwa umehamia Syokimau kitambo.

Sasa rangi. Watu wengi wanafikiria haidrenjia ya bluu ina rangi ya bluu na ya pinki ina rangi ya pinki. Hapana, zote mbili zina kemikali moja ya rangi, ni anthosianini inayotokana na delfinidini. Ikiwa peke yake kwa seli za ua inaonekana pinki ama nyekundu. Ikikutana na alumini, pamoja na kemikali nyingine za pembeni zinazoishikilia, inageuka bluu. Kwa hivyo swali si jeni ya bluu iko ama haiko, swali ni alumini imefika kwa ua ama haijafika. Na alumini iko karibu kila udongo, imejaa, lakini mizizi inaweza kuichukua tu ikiwa imeyeyuka, na inayeyuka udongo ukiwa na asidi. Chini ya pH kama 5.5 unapata bluu, ukipita kama 6.5 unapata pinki, hapo katikati zambarau na machanganyiko ya ajabu, hata kichwa kimoja cha ua kinaweza kuwa na rangi mbili. Mimea mingi alumini inaiumiza mizizi, haidrenjia yenyewe inaivumilia, inaipandisha mpaka juu.

(Kuna mtu huwa anasema ua linageuka kama ile karatasi ya litimasi ya darasani. Si hivyo, na ukweli unachekesha kidogo, kwa sababu watafiti wa Japani walipima ndani ya seli zenyewe wakapata za bluu ziko pH kama 4.1 na za nyekundu kama 3.3, yaani udongo wenye asidi unatoa ua ambalo ndani halina asidi nyingi hivyo. Asidi ya maana ni ya udongo, kazi yake ni kufungulia alumini.)

Hii pia inaeleza kwa nini maua ya kwanza yalikuja bluu na ya pili pinki, kitu ambacho ndicho kilimfanya Mama aamini wino. Yale ya kwanza yalitengenezwa Tigoni, alumini ikaingia huko, ua likishakomaa na rangi yake halibadiliki sana mpaka lizeeke. Ya pili yalitengenezwa kwa balkoni kuanzia chipukizi, na maji ya chumvi. Wino ungeisha kwa chungu chenyewe, na hata hivyo usingeeleza majani ya njano, wala chungu cha kona.

Nikauliza na mbolea. Majivu hajaweka. Lakini alienda agroveti akaambiwa maua yanataka DAP, akawa anaweka kijiko kila baada ya muda. DAP ina fosforasi nyingi, na fosforasi ikikutana na alumini kwa udongo zinashikana, mizizi haipati kitu. Wakulima wa maua wanaotaka pinki kwa makusudi hutumia mbolea yenye fosforasi nyingi kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hivyo maji yalifunga mlango na DAP ikaweka kufuli. Kuna mwingine kwa grupu alishauri wazike misumari kwa chungu ndio bluu irudi, tafadhali hiyo achaneni nayo, msumari ni chuma, na chuma si alumini.

Rangi imeisha. Lakini Mama hakulalamika rangi peke yake, alisema hata umbo, na hapo nikaona ni rahisi kudanganyika na kuwekea maji kila lawama. Majani ya Tigoni yalikuwa makubwa, laini, membamba ukiyashika, kijani ya giza. Ya Syokimau, hata ukiacha njano, yalikuwa madogo na mazito. Balkoni inaangalia magharibi, jua la saa nane mpaka saa kumi na mbili linapiga moja kwa moja na kurudi kwa ukuta mweupe. Jani linalokua kwa jua kali linatengenezwa dogo na nene, na safu zaidi za seli za kushika mwanga, la kivulini linatanuka liwe pana na jembamba ndio likusanye mwanga kidogo uliopo. Hii unaiona hata kwa mti mmoja, majani ya juu kwa jua na ya ndani kwa kivuli hayafanani. Halafu upepo. Ghorofa ya nne Syokimau hakuna kitu kinazuia upepo kutoka huko uwanda wa Athi, shina linatingishwa mchana kutwa, na mmea unaotingishwa unajibu kwa kubaki mfupi na kunenepesha shina. Ongeza chungu kidogo kinachobana mizizi. Ongeza na mwinuko, Tigoni iko juu ya mita 2,000, Syokimau ni kama 1,600, na kila mita 100 ukishuka joto linapanda kama nyuzi 0.6, kwa hivyo hapo kuna tofauti ya nyuzi mbili tatu bila hata kuhesabu joto la simiti.

Kuna watafiti watatu, Clausen, Keck na Hiesey, walifanya hii kitu kwa makusudi huko California, kazi yao kubwa ya kwanza ikatoka 1940. Walichukua mmea mmoja wakaukata vipande, kipande kikapandwa Stanford karibu na usawa wa bahari, kingine Mather kwa mita 1,400, kingine Timberline juu kabisa kwa mita 3,050. Kloni moja, na kila kituo ikatoka na urefu wake na wakati wake wa kutoa maua, na mimea mingine ya pwani ikipelekwa juu ilikufa. Hiyo ya mwisho ni muhimu, kwa sababu jeni hazikai kando zikitazama tu, ndizo zinazoamua mmea unaweza kunyooka mpaka wapi. Mazingira yanachagua ndani ya huo uwezo.

Ndio maana sikumalizia hapo nikamwambia Mama "ni mazingira" na kuondoka. Kuna vitu ambavyo mazingira hayawezi kufanya na ilibidi nivitafute, kwa sababu Mzee naye angeweza kuwa amechanganya miche. Haidrenjia nyeupe haiwezi kugeuzwa bluu hata uimwagie alumini aje, haina ile kemikali ya rangi. Ile aina ya kichwa cha mviringo kama mpira haigeuki kuwa ile ya kichwa bapa chenye maua makubwa pembeni tu. Meno ya ukingo wa jani na vile majani yanatoka mawili mawili yakiangaliana, hiyo inabaki. Nikalinganisha, ya Mama na ya mmea mama vilikuwa sawa vyote. Basi na kama ni jeni imebadilika kwa bahati? Inatokeanga, hata kwa kloni, tawi moja linaamka siku moja tofauti na mengine, aina nyingi za maua tunazouza zilianza hivyo. Lakini mabadiliko ya hivyo yanagonga tawi moja, ama mmea mmoja. Hayawezi kugonga vyungu vyote msimu mmoja na kukiruka kimoja tu ambacho kwa bahati kimekaa chini ya bomba lililopasuka.

Mama akaniambia, "Hayo ni maneno yako, mimi nataka kuona." Haki yake. Tukakubaliana jaribio, na Mzee akatoa miche bure. Nilikata katingi kutoka kwa zile pinki za Mama nikazipeleka Tigoni. Nikakata zingine kutoka kwa mmea mama nikazipeleka Syokimau, nusu zinamwagiliwa maji ya chumvi, nusu maji ya mvua ya kukinga kwa tangi, na hizi za mvua nikaziongezea shabu, ile ya dukani ya kusafishia maji, kwa sababu shabu ni chumvi ya alumini. Kijiko kimoja cha chakula kwa lita 4, udongo ukiwa umelowa kwanza, mara chache tu kwa msimu, ukizidisha unachoma mizizi. DAP tukaacha kabisa.

Ilichukua karibu mwaka mzima. Pinki za Mama zikachanua bluu kwa Mzee, na majani mapana kama ya bibi yao. Za maji ya chumvi zikatoka pinki na ile njano ya mishipa ya kijani. Lakini zile za maji ya mvua na shabu ndizo nilikuwa nangojea zaidi, na zilitoka hivi: maua bluu yenye zambarau kidogo, majani kijani safi bila njano, lakini madogo bado, mazito bado, mmea mfupi bado. Hapo ndio unaona sababu zimetengana. Maji ya mvua na shabu vilirekebisha rangi na njano. Jua na upepo havikuguswa, na umbo halikuguswa. Kama tungeziweka pia nyuma ya neti ya kivuli zingerefuka, lakini Mama hakutaka neti kwa balkoni, anasema inafanya nyumba ikae kitalu.

Pesa: Mzee hakurudisha. Alimpa Mama miche mingine kadhaa na Mama akafuta ile posti yake ya feki, kuomba msamaha kwa grupu hakuomba. Ushauri wangu kwa Mzee ulikuwa aulize kila mnunuzi anatumia maji gani kabla ya kumuahidi bluu, na kama ni ya kisima amwambie ukweli kwamba atapata pinki asipokinga mvua. Kwa mtu wa maji ya kanjo, yale mengi yanatoka bwawa la Ndakaini, ni maji ya mito ya milimani hayana magadi hivyo, bluu yake itakaa zaidi, ingawa inategemea pia na chungu na mbolea.

Sasa sikia. Majirani walipenda sana zile pinki, na Mama akaanza kukata katingi na kuuza, vyungu viwili vitatu kwa wiki, anaziita "aina ya pinki", na bei yake iko juu ya zile bluu. Nilimwambia Mama, hiyo si aina, ni maji. Akaniambia nisimharibie biashara. Wiki iliyopita amenipigia, kuna mteja wake wa Kileleshwa amemtumia picha ya ua la zambarau, anataka refandi yote, na anasema ameuziwa feki.